Nani Kakwambia Imekufa?

Ndugu zangu wa Kabwe, wa Kirando na wa Namanyere, nanyi mlioko juu Ufipa mpaka Sumbawanga mjini, leo nina neno moja tu, na neno hilo sikulipata mlimani wala kanisani. Nimelikuta stoo.

Mmelisikia mara ngapi? Mwalimu anabonyeza kitufe, kompyuta haingurumi. Anabonyeza tena, kimya. Anageuka na kusema, "Hii imekufa." Basi, kesi imekwisha! Hakuna aliyefungua mfuniko, hakuna aliyeuliza mgonjwa anaumwa wapi. Mashine inabebwa kama maiti isiyo na ndugu, inarundikwa chini ya majembe na madawati yaliyovunjika, mende wanazaliana ndani yake, na siku mnunuzi wa vyuma chakavu akipita na mizani yake, inapimwa kwa kilo pamoja na masufuria yaliyotoboka. Nauliza mbele yenu nyote: nani kakwambia imekufa? Uliipima? Uliinama ukaitazama? Au umeizika kwa sababu tu haikuitika ulipoiita mara mbili?

Fungueni Nehemia, sura ya pili. Huyu alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta kule Shushani. Aliletewa habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameteketea. Akalia, akafunga, akaomba, akapewa ruhusa, akasafiri. Sasa mwangalieni alipofika. Hapigi mbiu. Haitishi mchango. Hasemi ukuta huu basi tena, tuagize mwingine. Anakaa siku tatu, kisha usiku anatoka na watu wachache na mnyama mmoja, yule aliyempanda, anauzunguka mji akikagua. Anapita lango la bondeni, anafika lango la jaa. Lango la jaa, wapendwa! Mlango ule mji ulikopitishia taka zake. Anatazama palipobomoka, anatazama palipoungua, na mahali pengine kifusi ni kingi hata mnyama wake hapati pa kukanyaga. Baada ya kuona kwa macho yake mwenyewe ndipo akawaita wakuu akawaambia tujenge.

Na adui zake walipomcheka, walicheka nini? Walicheka kwamba watu hawa wanataka kuyafufua mawe yaliyoungua, mawe ya kuokota kwenye vifusi. Nao wakayafufua! Ukuta ulisimama kwa siku 52.

Ukaguzi ulitangulia, hukumu ikafuata. Sisi tumepindua. Tunahukumu asubuhi, na ukaguzi hatuufanyi kamwe.

Siwahubirii kama mtu msafi. Miaka ya nyuma nilikuwa mtunza vifaa katika shule moja, jina lake naliacha. Tulipokea kreti la kompyuta sita za mezani, mitumba kutoka Marekani. Watoto waliimba siku ile. Nikachomeka ya kwanza ukutani: mlio kama wa gobore, moshi, harufu ya kuungua. Nikachomeka ya pili: mlio uleule, moshi uleule. Nikachukua daftari nikaandika kwa mkono wangu, "Sita, mbovu." Zikakaa stoo miaka mitatu, zikaenda kwa kilo. Fedha iliyopatikana haikutosha hata kununua katoni moja ya chaki.

Siku moja, Sumbawanga, nilikuwa namsimulia kijana mmoja fundi. Akaacha kazi yake, akanitazama. "Mwalimu," akasema kwa adabu, "nyuma ya zile mashine, pale panapoingia waya, hapakuwa na kiswichi kidogo chekundu?" Palikuwapo. Nilikiona nikakidharau. Upande mmoja kimeandikwa 115, upande wa pili 230. Umeme wa Marekani ni kama volti 120, wa kwetu ni 230. Mashine iliyofungwa 115 ukiichomeka kwenye umeme wa Tanzania, pawa saplai inapasuka palepale. Kukisukuma kiswichi kile kwa ncha ya kalamu ni kazi ya sekunde moja. Kompyuta nne kati ya zile sita hazikuwahi kuguswa na umeme. Zilikuwa nzima! Na zile mbili zilizopasuka, kilichoungua sana sana kilikuwa pawa saplai, kiungo cha kubadilisha kwa bisibisi na skrubu nne. Niliwanyima watoto mia kadhaa kompyuta sita kwa neno moja la kalamu. Nimeomba toba kwa jambo hilo, na ninaandika mahubiri haya ili wewe usiwe na la kutubu.

Ninyi wa Kabwe hamhitaji kwenda Yerusalemu kutafuta mfano. Mfano wenu umepita mbele ya macho yenu tangu mababu, usiku, taa zikiwaka, mitumbwi ikiukimbilia kwa makelele na mizigo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini meli ya Liemba haikuundwa mara moja. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku, ikavushwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye treni mpaka Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata, Julai 1916, Wajerumani waliokuwa wakikimbia waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini sikilizeni mafundi wale walivyofanya kabla ya kuizamisha: walizipaka injini zake grisi nzito. Waliizika meli huku wakiuhifadhi moyo wake. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa chini ya maji, wakaikagua, wakakuta grisi imefanya kazi yake: injini na maboila bado vinafaa. Mwaka 1927 ikarudi safarini na jina jipya, jina la zamani la ziwa lenyewe. Miaka kadhaa chini ya maji! Na baadaye mvuke ukaondolewa, ikawekewa injini za dizeli, ikaendelea kubeba migebuka mikavu, mahindi, wagonjwa, wanafunzi na maiti kutoka Kigoma mpaka Mpulungu.

Je, yule aliyeizamia angesema "imekufa" akarudi nyumbani kula, babu zako wangesafiri na nini?

Kompyuta yako haijakaa miaka chini ya ziwa. Imekaa stoo. Basi njoo nikufundishe kuikagua, kwa sababu bidii bila maarifa inaharibu kuliko uvivu.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Igeuze mashine. Chini ya kompyuta mpakato, au nyuma au ubavuni mwa ile ya mezani, kuna kibandiko: kampuni, modeli, namba ya mfululizo, umeme inaoutaka. Nakili vyote daftarini kabla hujashika bisibisi. Wala usidanganywe na kile kibandiko cha kung'aa karibu na kibodi. Watu wanaona "i5" wanashangilia, kana kwamba i5 ni moja. Jina hilo limetumika tangu 2009! Tazama tarakimu zinazofuata baada ya kistari. i5-2400 ni kizazi cha pili, cha mwaka 2011. i5-8250U ni kizazi cha nane, cha mwaka 2017. Kati ya hizo mbili mtoto amezaliwa na kuanza shule. Anayekuuzia ya kwanza kwa bei ya ya pili anakuibia, na anayekuibia anategemea kwamba hutainama kusoma.

Sasa ondoa umeme. Chomoa waya, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha na kukishikilia kidogo ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kabla hujagusa ndani, maana msimu wa kipupwe kule juu Ufipa hewa ni kavu, na ule mwasho mdogo wa umeme unaousikia ukivua sweta unatosha kuua chipu. Fungua mfuniko. Toa vumbi kwa brashi laini, na feni uishikilie kwa kidole isizunguke. Wewe wa Kabwe utakutana na jambo jingine: unyevu wa ziwa. Tazama meno ya dhahabu ya RAM kama yamefanya ukungu wa kijani au weupe.

Hapa nawasihi mnisikilize sana, kwa sababu hapa ndipo wengi waliozikwa wakiwa hai wanapolala. Kompyuta inawaka taa, feni inazunguka, kioo cheusi, au inapiga milio mfululizo na haiendelei. Watu wanasema mazabodi imekufa. Hapana! Toa RAM. Chukua ufutio wa kawaida wa mwanafunzi, sugua yale meno taratibu pande zote mbili, pangusa, rudisha mpaka usikie inabana. Kama ziko mbili, jaribu moja moja, na kila tundu kwa zamu. Nimeshuhudia mashine zilizohukumiwa zikiamka kwa ufutio! Ufutio, kitu kinachouzwa duka la pembeni pamoja na pipi.

Nyingine inaamka lakini kila siku inasema ni mwaka wa zamani, saa haishiki, mipangilio inapotea. Huo nao si ugonjwa wa kifo. Ndani kuna betri ya mviringo kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Ibadilishe.

RAM zenyewe zijue kwa maumbo yake, usizilazimishe. Kila kizazi kina kipengo chake, na kipengo hicho kimesogezwa makusudi ili kisichofaa kisiingie. Ya mezani ya DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, lakini vipengo havilingani, na umeme haulingani: ya kwanza hutumia volti 1.8, ya pili 1.5. DDR4 ina pini 288. Kwenye mpakato ni 200, 204 na 260. Kibandiko kikisema PC2 ujue ni DDR2, PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Kijana mwenye nguvu nyingi na subira kidogo anaweza kuvunja tundu la mazabodi nzima kwa kulazimisha. Kisha iache ijaribiwe usiku kucha kwa programu ya Memtest86+, inayopatikana bure. Ukiamka ukakuta mistari myekundu ya makosa, hiyo RAM iondoe, usimpe mtu.

Angalia kapasita, vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi. Kichwa chake kinapaswa kuwa tambarare. Ukikuta kimevimba kama andazi au kimetoa uji wa kahawia, hapo pana ugonjwa wa kweli. Mashine nyingi zilizotengenezwa kati ya takriban 1999 na 2007 zilipatwa na balaa hilo, na fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuzibadilisha zikapona.

Pawa saplai ipime nje ya mashine. Kwenye ule mkono mkubwa wa nyaya, unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, chomeka, feni yake izunguke. Kisha weka testa: waya wa njano utoe volti 12, mwekundu 5, wa chungwa 3.3. Ile ya 12 ikishuka chini ya 11.4 au ikipita 12.6, itenge. Lakini sanduku lake usilifungue! Ndani kuna chaji inayobaki hata baada ya kuchomoa waya. Na vile vioo vya zamani vyenye chogo, nawaomba kwa huruma za Mungu, msivifungue kabisa. Ndani vinashika maelfu ya volti, na glasi yake ina risasi.

Imebaki hadidiski. Ile yenye utepe mpana wa pini 40 ni IDE, ya zama za nyuma. Yenye waya mwembamba bapa ni SATA, na SATA ya leo bado inaingia kwenye mashine ya mwaka 2006. Itegee sikio. Ikigonga ko, ko, ko, hiyo inakata roho. Okoa yaliyomo upesi kama bado yanasomeka, na usiitegemee tena. Ikiwa kimya, uliza rekodi yake ya ndani, iitwayo SMART. Humo mna saa ilizofanya kazi na idadi ya sehemu zilizoharibika. Mwaka mmoja wa usiku na mchana una saa 8,760. Hadidiski yenye saa 40,000 imetumika zaidi ya miaka minne na nusu bila kulala. Imezeeka, na mzee apewe kazi za kizee. Ukiweza kupata SSD hata ndogo, iweke. Hakuna dawa nyingine inayomrudishia mzee ujana kama hiyo.

Mnaona? Hakuna muujiza hapa. Ni macho, ufutio, bisibisi, testa na daftari.

Na kwa nini napaza sauti sasa? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inazikataa kompyuta nyingi za kabla ya kizazi cha nane. Maofisi mijini yanazitoa. Mashine za 2015, 2016, 2017, zenye RAM ya GB 8, zinatolewa mlangoni! Hazijafa. Zimefukuzwa tu. Mashine hizohizo ukiziwekea mfumo endeshi wa Linux Mint zinafanya kazi vizuri kwa miaka mingi bado, na hata ile nyonge ya GB 2 inaweza kubeba mfumo wa antiX. Jaribu kwanza kwa flashi, bila kufuta kitu chochote ndani: chomeka, washa, uone kama sauti inatoka, kama inashika mtandao, kama kibodi yote inaandika. Kisha uiwekee programu ya Kiwix na Wikipedia ya Kiswahili nzima, isiyodai bando wala mnara wa simu. Uiwekee vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania, vinavyopatikana bure kwenye Maktaba Mtandao yake. Mtoto wa Kabwe asome usiku kwa sola. Mpakato unatumia umeme mdogo sana kuliko ile ya mezani yenye chogo, na hilo nalo ni jambo la kupima kabla ya kuchagua ipi ipelekwe kijiji gani.

Lakini siwafundishi ubishi. Kuna kinachokufa. Mazabodi iliyoungua ikatoboka imekufa. Na hata hapo mfu ana kitu cha kuwaachia walio hai: RAM yake, feni yake, kioo chake, skrubu zake, zile skrubu ndogo ambazo huzipati hata kwa fedha. Mababu wa Ufipa waliinua matanuru marefu ya udongo, malungu, mengine yanasimama hadi leo porini. Chuma kilichotoka kwenye tanuru la kwanza kilikuwa kichafu, na hawakukitupa. Walikipeleka kwenye tanuru dogo, wakakiyeyusha upya, ndipo mhunzi akapata jembe. Watu wale waliliona jembe ndani ya jiwe jekundu. Wajukuu wao tunashindwa kuona kompyuta ndani ya kompyuta!

Kinachobaki baada ya hapo kisichomwe. Kijana unayechoma nyaya ufukweni upate shaba, moshi ule mweusi una sumu ya dioksini, na unatua kwenye dagaa walioanikwa mchangani, anaokula mama yako. Betri ya mpakato iliyovimba usiitoboe, usiilalie, usiitupe motoni. Iweke kwenye chungu chenye mchanga mkavu mbali na nyumba. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za namna hii mwaka 2022, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu hazikufika robo. Nchi yetu imeweka kanuni za taka hizi tangu 2021 chini ya sheria ya mazingira. Kusanyeni, mtenge, mkabidhi kwa mwenye kibali. Ndugu zangu Waislamu wa mwambao huu, ninyi mmefundishwa tangu madrasa kwamba israfu ni dhambi. Katika jambo hili tusimame mstari mmoja.

Sasa nina neno kwa watoaji. Neno hili ni chungu.

Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliopeleka madhabahuni mnyama kipofu, kilema na mgonjwa, akawauliza kama liwali wao angepokea zawadi ya namna ile. Wewe mwana wa Ufipa uliyeko Dar es Salaam, Muscat au London, unayekusanya kompyuta ziende nyumbani: Mungu akubariki. Lakini umezijaribu? Umetuma chaji zake? Kompyuta mpakato ishirini bila chaji ni matofali ishirini, na nauli ya lori kutoka Mbeya umewabebesha maskini. Kinachokufa mikononi mwako usikitume kifie mikononi mwa bibi yako. Kenya walituonyesha mapema: taasisi ya Computers for Schools Kenya, iliyoanzishwa 2002, ilipokea mitumba, ikaikagua na kuitengeneza kwanza, ndipo ikaipeleka shuleni. Hakuna aibu katika mtumba. Aibu ni kutoa usichokipima.

Na kabla ya kutoa, futa. Mganga mfawidhi, katibu wa parokia, mkuu wa shule, nasema nanyi. Ndani ya hadidiski ile mna majibu ya vipimo vya watu, mna alama za watoto, mna siri za ndoa za waumini. Kulipeleka faili kwenye pipa la taka la kompyuta hakulifuti. Mwenye programu sahihi atalirudisha kabla chai yake haijapoa. Diski nzima iandikwe sifuri juu yake, mwanzo hadi mwisho. Ikiwa haiwaki tena, itoboe kwa keekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwapo, siri uliyokabidhiwa kitandani pa mgonjwa hukuruhusiwa kuiuza kwa kilo.

Turudi kwa Nehemia, maana nimeacha sura ya tatu. Wengi wanairuka wakidhani ni orodha ya majina tu. Ni daftari la kazi! Kila kipande cha ukuta kimeandikwa nani alikitengeneza. Wafua dhahabu wamo, watengeneza manukato wamo. Shalumu yumo, yeye na binti zake. Binti zake! Wazazi wa Kabwe, mnaoona kwamba bisibisi ni ya mvulana na ufagio ni wa msichana, andiko hilo linawakatalia. Na lile lango la jaa lilijengwa na nani? Malkiya mwana wa Rekabu, na hakuwa mzoa taka. Alikuwa mkuu wa mtaa. Mkubwa alishika sehemu yenye harufu.

Basi wakuu wa leo mko wapi? Diwani, mwenyekiti wa kijiji, paroko, mchungaji, imamu, njooni mshike lango la jaa. Mashine za serikali zina taratibu zake za kufutwa kwenye rejista, nazo zifuatwe. Lakini taratibu hazikatazi kukagua. Kabla ya kuandika "chakavu," mwiteni fundi, na kila mashine ipate karatasi yake: modeli, nini kimekutwa, nini kimebadilishwa, nani amepima, tarehe gani. Jina liandikwe, kama Nehemia alivyoandika.

Nanyi vijana wa mitumbwi: ziwa lilipofungwa tangu Mei 15 mpaka Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wazaliane, niliwaona mmekaa kwenye mawe, nyavu zimekauka, mikono imekunjwa. Mikono inayojua kufumua nyavu zilizonasa gizani bila kukata uzi mmoja, hiyo ndiyo mikono ninayoitafuta. Ziwa likifungwa tena, njooni. Sihitaji vyeti vyenu. Nahitaji subira yenu.

Mtunza stoo, ufunguo uko mfukoni mwako, nami namaliza nawe. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, jua likishapanda, fungua ule mlango. Ondoa majembe, ondoa madawati. Toa mashine ya kwanza nje, ifute vumbi, igeuze, usome kibandiko chake kwa sauti, na mtoto mmoja aandike.